Kuvu, bakteria na wadudu wawindaji kwenye nyanya za shamba la wazi: mkulima mdogo ashauriwe, au bado?

Shina (mleta mada)
Wakuu, hoja yangu iko hivi: maafisa ugani wafundishe mseto wa kuvu, bakteria na wadudu wawindaji kuwa njia ya kwanza ya kupambana na kantangaze (nondo Tuta absoluta) kwenye nyanya, na sumu za dukani zibaki akiba. Nondo huyu wa Amerika Kusini alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Tanzania. Kwenye joto la nyuzi 27 anamaliza kizazi kwa takriban siku 24, na jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Sumu za jamii ya pairethroidi ameshazizoea. Anayepulizia sumu ileile kila wiki anawachuja dhaifu na kubakiza sugu.

Mseto ninaousema ni wa kugawana kazi. Mayai yaliyo juu ya majani aachiwe kunguni mwindaji, Nesidiocoris tenuis, ambaye huku kwetu yupo mashambani tayari. Buu aliyetoka kwenye yai sasa hivi, kabla hajazama ndani ya jani, apewe bakteria Bacillus thuringiensis, yaani Bt. Buu aliyeshiba, wengi wao hushuka kujigeuza pupa kwenye udongo wa juu, na hapo ndipo kuvu Metarhizium anisopliae inapomsubiri. Hawagombanii mlo mmoja.

Bomba20
Mkuu, kwenye karatasi imekaa vizuri. Twende shambani.

Kuvu haina macho. Spora, yaani chembe yake ya kuzaliana, ikinata kwenye ngozi ya mdudu, inaota, inatoboa na kuingia, awe kantangaze, awe kunguni wako. Hilo la kwanza. La pili ni hesabu. Tuseme unataka spora milioni 10 kwa kila mililita ya mchanganyiko. Bomba la lita 20 lina mililita 20,000, kwa hiyo unahitaji spora bilioni 200. Chupa yenye bilioni 1 kwa mililita itakutoka mililita 200 kwa bomba moja. Ukitaka milioni 100 kwa mililita, kiwango ambacho majaribio mengi ya maabara hukitumia, ni lita 2 za dawa kwa bomba moja. Nani analipa?

La tatu ndilo linalonifanya niseme bado: bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa nyanya. Masika, kwenye baridi na unyevu, nyanya isiyopuliziwa dawa ya ukungu inaungua ndani ya siku chache. Mkulima atapulizia mankozebu, na mankozebu kazi yake ni kuua kuvu. Haitaulizana na Metarhizium kama ni rafiki au adui.

Ufuta
Bomba20, la kwanza nakupinga. Maabara humtumbukiza mdudu kwenye maji ya spora, au humfungia kwenye kisahani chenye unyevu wa karibu asilimia 100, ndiyo maana anakufa. Shambani kipimo kinachomfikia ni kidogo, hewa ni kavu, na wadudu wengi hujisafisha. Zaidi ya hapo, Shina ameipeleka kuvu ardhini, na kunguni anaishi juu ya mmea. Mkishatenganisha sehemu, ugomvi umekwisha nusu.

Hatari kubwa ya huyu kunguni ni yeye mwenyewe. Ni mwembamba, wa kijani, urefu wa milimita tatu hadi nne, ana utepe mweusi nyuma ya kichwa. Mayai ya kantangaze na inzi weupe yakiisha, anageukia mmea. Angalia vikonyo vya majani ya juu na shina changa: ukiona pete za kahawia kama mtu amezungushia uzi uliochomwa, ndiye huyo. Sehemu yenye pete inakuwa dhaifu, inakatika kirahisi, na maua hupukutika. Nesidiocoris anaupenda ufuta, kwa hiyo mistari ya ufuta kando ya tuta humvuta na kumpa pa kukaa mawindo yakipungua. Ila ufuta uote kabla nyanya haijahamishwa kutoka kitaluni. Ukipandwa siku moja na nyanya unachelewa.

Shina
Hapo kwenye pete umenena. Na hilo la kuchelewa Hispania waliligundua mapema: walianza na Bt wakati kunguni bado wachache, kunguni walipozoea mmea Bt ikaachwa. Wapo waliomwachia kunguni kitaluni, siku chache kabla ya kuhamisha miche, ili aende shambani akiwa ameshataga ndani ya mmea.

Mgando
Naomba tusichanganye bakteria na kuvu, maana Bomba20 kaviweka kapu moja. Bt si kuvu, mankozebu haiizuii. Bt haiui kwa kugusa, lazima buu aile. Tumbo la buu lina magadi, fuwele za Bt zinayeyuka humo, kuta za utumbo zinatoboka. Anaacha kula ndani ya saa chache, lakini anaweza kubaki hai siku mbili au tatu. Hapo ndipo mkulima anaporudi asubuhi, anamwona buu anajinyonganyonga, anasema dawa feki, anachukua sumu kali na kuua kunguni wote. Bt imefanya kazi, subira ndiyo iliyokosekana. Kunguni na utitiri mwindaji Bt hii haiwagusi.

Makosa mengine ya Bt: kupulizia saa nne asubuhi (jua linaimaliza), kutumia maji yenye chokaa au magadi mengi, na kusubiri mpaka mahandaki ya buu ndani ya jani yawe mapana kama kidole. Buu akiwa ndani kabisa ya jani, dawa iliyo juu ya jani haimhusu mpaka atoke kuhamia jani jingine. Pulizia jioni, jani lilowe pande zote mbili, rudia baada ya siku saba hivi wakati mayai bado yanaanguliwa.

Bomba20
Nakubali kwenye Bt. Kwenye kuvu bado.

Mgando
Basi masika kuvu isipande juu ya jani. Mankozebu ibaki juu, Metarhizium iende chini, jioni, udongo ukiwa na unyevu, kwenye shina na pale majani yanapoangukia. Hapo hesabu yako ya lita 20 inabadilika, kwa sababu hupulizii shamba zima, unapulizia ukanda wa mstari. Na spora hazipendi maji, ukizimwaga kwenye bomba zinaelea kama vumbi. Zile za unga anza nazo kwenye kikombe: unga, maji kidogo, matone mawili matatu ya sabuni ya maji, koroga hadi iwe uji, ndipo umimine kwenye bomba. Za mafuta tikisa chupa kwanza. Halafu tikisa bomba kila baada ya dakika chache.

Kuhifadhi ndiko kunakoua biashara hii. Spora ni kiumbe hai. Chupa iliyokaa mwezi kwenye duka la bati, juani, nje inaonekana nzima, ndani imekufa. Uliza tarehe, uliza imekaa wapi.

Pwani_Muhogo
Mnajadili chupa tu. Muhogo tayari umetupa mfano mwingine. Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, uliingia Uganda mwaka 1971 na kusambaa karibu ukanda wote wa muhogo Afrika. Utitiri mwindaji kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo, uliachiwa Benin mwaka 1993. Mchana hujificha kwenye ncha ya mche, usiku hushuka kuwinda kwenye majani. Baadaye Benin hiyohiyo ikaletewa aina za Brazil za kuvu Neozygites tanajoae. Hii huwageuza utitiri wa kijani kuwa mizoga ya kahawia iliyovimba, imeng'ang'ania jani, na hushamiri unyevu ukiwapo na utitiri ukiwa mwingi. Mwindaji yeye huwepo hata mawindo yakipungua. Kuvu na mwindaji, na mkulima hakununua chupa hata moja.

Kasoro ilikuwepo: aripo hakai kwenye kila muhogo. Anapenda aina zenye vinyweleo kwenye ncha, aina za ncha laini anazikimbia. Kwa hiyo aina ya mbegu nayo ni sehemu ya mseto.

Hoja yangu: fedha za umma ziende kwenye kuachia viumbe vinavyojiendeleza vyenyewe. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilileta nyigu Dolichogenidea gelechiidivoris kutoka Peru kwa ajili ya kantangaze huyuhuyu. Nyigu wa namna hiyo akishajenga makazi, anafika hata kwa asiye na hela.

Ufuta
Na hapo panahitaji uangalifu. Nyigu huyo hutaga ndani ya buu mchanga. Buu huyo akifa mapema, kwa Bt au kwa kuvu, mtoto wa nyigu anakufa naye. Kwa hiyo palipoachiwa nyigu, Bt isipigwe kwa kalenda. Ipigwe kwa kuhesabu, na kwenye mistari iliyozidiwa tu. Icipe pia wamejaribu kumvuta nondo dume kwa harufu ya jike hadi kwenye chombo chenye unga wa Metarhizium, ajipake kisha aondoke nao. Njia hiyo nyigu haimsumbui, spora ziko chomboni.

Bomba20
Sawa. Basi nasogea hatua moja: kiangazi ndiyo, masika kwa masharti ya Mgando. Ila msimwambie mkulima kuwa utitiri mwindaji anayetumika kwenye waridi, Phytoseiulus persimilis, atamsaidia vilevile kwenye nyanya. Vinyweleo vya nyanya vina gundi, vinamnasa miguu. Naye hula utitiri wekundu na jamaa zao tu, wakiisha anakufa njaa, na hewa kavu inamuulia mayai. Chupa ya utitiri hao mkulima akiipokea ailaze, aiweke penye ubaridi, na aimalize ndani ya siku moja au mbili.

Swali la mwisho: mkulima ana bomba moja. Jana lilikuwa na mankozebu. Leo anaweka kuvu?

Mgando
Hapana. Likiwa moja, asuuze mara tatu kwa maji na sabuni, maji ya kila mara ayapitishe kwenye mpira na pua ya bomba, afungue chujio alisugue, kwa sababu unga wa mankozebu hukaa hapo. Wakulima watatu wanaopakana wakichangia bomba la pili la kuvu na Bt tu, ni nafuu kuliko chupa watakazoharibu. Walipake rangi. Na kikombe cha kukorogea nacho kiwe cha bomba hilo tu, kisitoke kwenye ndoo ya mankozebu.