Mjadala: Njia ya Jung ya kusoma ndoto iingie kwenye mafunzo ya washauri nasaha?

Kata_Kamba (mleta mada)
Wadau, salaam. Mteja akileta ndoto kwa mshauri nasaha, mara nyingi anaambiwa ni uchovu, na mazungumzo yanahamia kwingine. Nadai njia ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ifundishwe vyuoni, tena kwa vitendo. Mteja aiandike ndoto akiwa bado kitandani, kabla hajasema na mtu. Mshauri aigawe sehemu nne: mahali na wahusika, jambo linavyoanza kufukuta, kilele, kisha linavyotatuka. Ndoto isiyotatuka nayo ni taarifa. Baada ya hapo kila taswira izungukwe. "Nyoka huyu kwako ni nini?" aulizwe mara tatu, nne, na kila jibu lirudishwe kwa nyoka yuleyule. Ukiliacha litiririke kama alivyofanya daktari mwenzake Freud, utaishia kwenye shamba la mjomba na nyoka umempoteza. Mwisho aulizwe: ndoto inasawazisha nini katika msimamo wake akiwa macho mchana?

Ndoto moja haitoshi. Kwa mwanafizikia Wolfgang Pauli, Jung alichagua kutoka ndoto 400 za kwanza, na 355 kati yake ziliotwa bila yeye kuonana na Pauli; alimwachia mwanafunzi wake makusudi, asije akazipaka rangi yake mwenyewe. Shabaha ya yote ni mtu kuifikia Nafsi yake, iliyo kubwa kuliko "mimi".

BintiLamu
Mengine nayaacha, hilo la mwisho limenichoma. Selbst ya Jung (ndilo neno lake la Kijerumani) ni kitovu cha mtu na mzingo wake pia, ufahamu pamoja na ung'amuzibwete, yaani yale ya akilini asiyoyatambua. Wewe umeiita Nafsi. Mwambie mama wa Kiislamu "ifuate nafsi yako" uone atakavyokutazama. Qur'ani 12:53 inataja nafsi inayoamrisha maovu, 75:2 nafsi inayojilaumu, 89:27 nafsi iliyotua. Ukijitahidi sana Jung ataingia kwenye hiyo ya tatu. Mteja yeye atasikia ya kwanza, na kikao kimeharibika kabla hamjafika kwa nyoka.

Barani_Kwetu
Dada, samahani, lakini umwinyi huu wa lugha umetuchosha. Kila neno lazima lipite Lamu likagongwe muhuri? Zaburi 103 inasema "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana." Ina maana hapo matamanio ndiyo yanayoambiwa yaimbe? Mamilioni ya watu bara wanaijua nafsi kwa maana hiyo.

BintiLamu
Nimeleta aya tatu, umenijibu kwa mahali nitokako. Na Zaburi yako inanisaidia mimi: anayesema anaiamrisha nafsi. Nafsi ndiyo inayoambiwa. Selbst ya Jung haiambiwi, yenyewe ndiyo inayomwita mtu.

Ngeli_ya_Tano
Nyote mmelipita jiwe lenyewe. Katika sarufi nafsi ya kwanza ni "mimi". Jung anatenga "mimi" na Selbst, na ndipo kazi yake yote inaposimama. Ukitumia neno nafsi, mwanafunzi ataisoma Selbst kama "mimi" lililonenepa. Kosa hilo lina madhara na lina jina: kujivimba. Mtu anaota nabii, anaamka akidhani nabii ni yeye. Hashauriki tena, anawaamrisha wa nyumbani, kisha anaporomoka. Hapo taswira zinasimamishwa, mtu anarudishwa kwenye kazi yake, kodi ya nyumba na watoto wake. Na tukisema "kiini" badala yake, nako sikubali: kiini ni ute wa njano tu, na Jung anataka yai zima.

Mti_Mkavu
Kelele zote hizi kwa ajili ya Mswisi ambaye hakuwahi kunusa vumbi letu. Wazee walisoma ndoto bila yeye.

Chepkube
Alilinusa, mkuu. Alishuka Mombasa Novemba 1925, akapanda reli hadi Nairobi, akafika mitelemko ya Mlima Elgon kwa watu aliowaita Elgonyi. Alizungumza nao Kiswahili cha kuungaunga, kamusi mkononi. Laibon mmoja, yaani mganga mtabiri, alimwambia kwamba zamani ndoto ziliwajulisha vita, maradhi na mvua. Tangu wazungu waje hakuna anayeota, maana Waingereza wanajua kila kitu.

Na neno lilimponyoka palepale. Aliona watu alfajiri wakitema mate viganjani na kuvielekeza kwenye jua. Akauliza kama jua ni "mungu". Wakakana. Akahitimisha kuwa mungu ni ule wakati wa kuchomoza, na neno aliloandika ni "adhista". Anayejua Kikalenjin anasikia "asista", jua, na Asis ni jina la Mungu. Yaani swali liliulizwa kwa "mungu", neno lisilo la muulizaji wala la muulizwaji. Kuhusu mate, huko ni baraka, kama kwa Wamaasai. BintiLamu ana haki kuliko anavyodhani.

Mti_Mkavu
Sasa unamtetea? Kwa masimulizi yake mwenyewe, safari nzima aliota mtu mweusi mara moja tu: kinyozi wake wa Chattanooga, Marekani, akimwekea chuma cha moto nywele zimsokotane. Akaichukulia kama onyo kwamba Afrika inataka kummeza. Aliishi kati ya watu wetu, wakampikia, wakambebea mizigo, na hakuna hata mmoja aliyeingia usingizini mwake. Huyo ndiye wa kufundisha washauri wetu?

Chepkube
Sijamtetea. Nimesema alifika.

Kata_Kamba
Mada jamani! Hizo 355 hakuna aliyezigusa. Basi tuanze na kisichohitaji Selbst wala nafsi: jaribio lake la maneno. Orodha ina maneno 100, yanaanza kichwa, kijani, maji. Mtu anatoa neno la kwanza linalomjia, saa inapima kwa humusi (moja ya tano) ya sekunde. Ukimaliza unarudia orodha yote na kumuuliza alijibu nini. Alipochelewa, au aliposahau jibu lake mwenyewe, hapo pana kidonda. Usipime kwa wastani wa watu wengine: panga nyakati zake kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati.

Ngeli_ya_Tano
Na anayefikiri kwa Kisukuma akijibu kwa Kiswahili? Ya katikati itapanda, sawa, lakini haipandi sawasawa kwa kila neno. Maneno ya shule yatachelewa kuliko ya jikoni, nawe utayaita kidonda. Mjaribu kwanza kwa lugha ya nyumbani.

BintiLamu
Orodha ataitafsiri nani? Namba 2 tu ina shida: "kijani" ni rangi na ni jani dogo. Na neno nafsi lisiwemo.

Barani_Kwetu
Liwemo, dada. Lisomwe Lamu na lisomwe Mbeya, kwa saa ileile.