Kabati la kuoteshea miche ndani: matundu tu, feni za kompyuta au feni ya bomba?

Mche_Ghorofani
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijatoboa mbao. Nimechukua kabati la nguo la zamani nimeligeuza la kuoteshea miche, upana sm 80, kina 50, urefu 150, ndani nimebandika foili na juu kuna taa ya LED ya wati 100. Naotesha nyanya, hoho na saladi kidogo. Nakaa ghorofa ya 3 hapa Dar, balkoni hamna, na chumba chenyewe mchana kinafika nyuzi 31. Sa hivi nina matundu tu, manne chini manne juu, kila moja kama kifuniko cha soda, juzi nkaweka kipimajoto usawa wa majani nkakuta 39. Na trei nzima ya nyanya imelala, yani shina pale linapokutana na udongo limekuwa jembamba kama uzi, ukiligusa linateleza. Nimeumia kweli.

Naona njia tatu: niongeze matundu hewa ipande yenyewe, nifunge feni za kompyuta za sm 12, au nichukue ile feni ya bomba ya inchi 4, inayofungwa kwenye paipu la hewa. Ipi inafaa?

Fundi_Upepo
Pole sana mkuu. Hicho kilichokulia miche ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche, kinapenda udongo uliolowa na hewa iliyosimama, na kwenye kabati lako vyote vipo.

Matundu tu mi sikushauri. Hayo manne ya juu ukiyajumlisha hayafiki hata sm za mraba 25, alafu hewa inayopanda yenyewe inahitaji ndani pawe moto sana kuliko nje ndo ipande, kwa hiyo unakuwa unalipia upepo kwa joto ambalo ndo unalikimbia.

Hesabu ninayotumia ni hii: chukua wati za taa, gawanya kwa 0.33, kisha gawanya kwa nyuzi unazokubali kabati lizidi chumba. Wati 100 karibu zote zinaishia kuwa joto humo ndani. Ukikubali nyuzi 3 unahitaji kama mita za ujazo 100 kwa saa, ukikubali 5 zinatosha 60. Feni ya kompyuta ya sm 12 kwenye boksi wanaweza kukuandikia hizo 100, ila hapo imepimwa haina kitu mbele wala nyuma, ukishaweka neti na kona mi nahesabu nusu. Kwa hiyo mbili. Zifunge juu kabisa ZITOE hewa, alafu chini acha mpasuo wa sm 60 kwa 5, maana hewa isipopata pa kuingilia feni inapiga kelele tu.

Bi_Mrehani
Salaam wote. Mimi niko Unguja nna kabati dogo la mrehani na mnanaa, na nataka kumpinga fundi kwa heshima. Mie feni yangu inaingiza hewa kutoka chini kupitia kitambaa, sababu ikiwa inatoa, kila upenyo wa kabati unavuta vumbi na inzi weupe ndani. Wale inzi wakishaingia kwenye mrehani hutoki tena, nilipambana nao miezi miwili jani kwa jani na sabuni. Tangu nigeuze feni sijawaona. La pili feni za bei ndogo huku pwani hazidumu, chumvi ya hewani inakula beringi, kwa hiyo ukinunua ulizia yenye bolbearing, yani beringi za gololi.

Fundi_Upepo
Bi mkubwa hoja ya wadudu naikubali kabisa. Ila ukisukuma ndani, ile hewa ya moto yenye mvuke inatokea popote penye upenyo, ikiwemo nyuma kwenye ukuta wa chumba, na mbao ya nyuma ikilowa inaota ukungu. Kwa wati 100 mi bado natoa juu. Wadudu nawazuia kwenye mpasuo wa chini, na hapa wengi wanakosea wanaweka chandarua cha kawaida, inzi mweupe anapita pale bila shida, inabidi kitambaa cha kubana kama pazia jepesi. Na kikibana kinakaba upepo, kwa hiyo usikitandaze juu ya tundu tu, tengeneza frem ya boksi nje ya mpasuo ukifunike chote, eneo la kitambaa liwe mara tatu au nne ya tundu lenyewe.

Mkulima_Limuru
Huku Limuru tuko juu ya mita 2,000 na maneno ni tofauti kidogo. Mwezi wa saba usiku ukiacha feni mbili zikimbie tu miche inakwama, haikui. Mimi niko na feni moja ya kutoa imeunganishwa na ile sakiti ndogo ya kupima joto ya W1209 ya volti 12, feni inawaka ikifika 28 na inazima 25. Alafu ndani kuna kafeni ka USB kanakimbia saa zote, hako hakatoi hewa, kanazungusha tu majani yatingishike kidogo. Hako ndiko kalimaliza shida ya saladi yangu, majani ya katikati yalikuwa yanaungua ncha, unafungua unapata ukingo wa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni na nje iko poa kabisa. Hewa ikisimama pale katikati jani halipumui maji, na kalsiamu inasafiri na hayo maji, so haifiki.

Feni ya bomba nilikuwa nayo pia. Inavuta sana, lakini yangu ni wati 28 na ikikimbia mchana na usiku ni karibu yuniti 20 kwa mwezi. Hizi za kompyuta ni kama wati 2 na nusu moja, mbili hazifiki yuniti 4. Na stima ikipotea zinaendelea na betri. Nunua ya bomba kama lazima upitishe hewa kwa paipu ndefu mpaka dirishani, hapo hizi ndogo hazina nguvu ya kusukuma.

Mche_Ghorofani
Asanteni sana. Swali, chumba kikiwa 31 hizo feni zitanishushia mpaka ngapi?

Fundi_Upepo
Haziwezi kushuka chini ya 31 mkuu, feni inaleta hewa ya chumbani tu. Ndo maana huku Dar taa iwashe kuanzia saa 1 usiku izime saa 3 asubuhi, mmea haujali saa, unajali jumla ya saa za mwanga. Na ile draiva ya taa, kile kiboksi kinachoipa LED umeme, itoe nje ya kabati, inatoa joto lake hapo bure.

Mche_Ghorofani
Wakuu nimerudi, wiki ya pili sasa. Nimefunga feni mbili juu na mpasuo chini na boksi la pazia kama alivyosema fundi na Bi Mrehani, draiva iko nje. Mwanzoni kipimajoto kiligoma 36 nkashangaa. Nkawasha kijiti cha udi nkakipitisha taratibu pembeni ya mlango, kule chini moshi ukawa unapanda wima kama hamna kitu, nilipofika juu karibu na feni ukapinda ghafla ukaingia ndani kupitia upenyo wa mlango. Kumbe feni zilikuwa zinavuta hewa ya hapo hapo juu na kuitoa, miche kule chini haipati chochote. Nimebandika sponji ya kuzibia mlango pande zote, nkarudia udi, sasa moshi unaingia wote chini kwenye pazia. Jana saa 5 usiku chumba 28, usawa wa majani 31.

Nyanya nimepanda upya, na maji napitishia chini ya trei badala ya kumwagia juu. Kafeni ka USB nakafunga kesho kabla saladi haijafunga moyo.

Bi_Mrehani
Maashaallah. Lifue hilo pazia kila baada ya wiki mbili mwanangu, vumbi la barabarani hapo Dar litaliziba utadhani feni zimekufa.