Tuzo za chipukizi bora wa NFL: ipi ina uzito zaidi, ya AP, ya PFWA au ya mashabiki?

Mzee_wa_Yadi (Mwanza)

Wakuu, salaam kwenu. Msimu wa NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, ukikaribia kuisha huwa tunabishana humu jamvini nani chipukizi bora, yaani mchezaji bora wa msimu wake wa kwanza, na kila mara naona mmoja anaongelea tuzo hii na mwenzake tuzo ile. Leo tuzilinganishe kabisa.

Ya AP, shirika la habari la Associated Press, ndiyo yenye jina kubwa. Inatangazwa usiku wa NFL Honors, siku chache kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi, na wapigakura wake ni waandishi na watangazaji 50. Tangu 1967 wanatoa mbili kila msimu, moja ya safu ya ushambuliaji na moja ya safu ya ulinzi. PFWA, chama cha waandishi wa soka hiyo ya Kimarekani, nao wanatoa hizo mbili, ila wanaongeza ya tatu ya chipukizi bora kwa jumla. Halafu kuna ya Pepsi, ambayo ilianza 2002: ligi inatoa majina, mashabiki wanapiga kura mtandaoni.

Msimamo wangu: PFWA ndio wanaoona vizuri zaidi. Ushahidi wangu ni msimu wa 2018. AP walimpa Saquon Barkley, mkimbiaji wa New York Giants, kwa kura 26.5 dhidi ya 21.5 za Baker Mayfield, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa Cleveland Browns. (Hiyo nusu ilitokana na kura iliyogawanywa kwa wote wawili.) Mashabiki nao wakamchagua Barkley. PFWA wakasema hapana, ni Mayfield.

Kumbukeni Cleveland walikuwa wametoka wapi. Mwaka 2017 walifungwa mechi zote 16. Septemba 20, 2018 wanacheza na Jets, huku kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, wako nyuma 14-0, kwotabeki wao Tyrod Taylor anaumia. Anaingia Mayfield kabla ya mapumziko. Baada ya tachidauni (bao la kufikisha mpira endizoni, eneo la mwisho la uwanja) ya kipindi cha pili, wakihitaji pointi mbili kusawazisha, mpira hakurusha yeye: alitoka pembeni akarushiwa na mpokeaji wake, Jarvis Landry, akaudaka mwenyewe ndani ya endizoni. 14-14. Wakashinda 21-17, ushindi wao wa kwanza baada ya mechi 19. Walimaliza msimu na ushindi 7, vipigo 8 na sare 1. Chipukizi akiigeuza timu namna hiyo, mimi sihitaji hoja nyingine.

Dada_Endizoni (Minneapolis)

Mzee wangu, shikamoo. Hadithi ya Cleveland ni tamu, nami naipenda, lakini ukiisikiliza vizuri umeisifu timu. Tuzo ni ya mchezaji.

Barkley msimu ule alipata yadi 2,028, yaani umbali aliousogeza mpira mbele, ukijumlisha za kukimbia na za kupokea pasi. Kabla yake ni chipukizi wawili tu waliowahi kuvuka 2,000, Eric Dickerson na Edgerrin James. Alidaka pasi 91, rekodi kwa mkimbiaji wa msimu wa kwanza. Na hayo aliyafanya kwenye timu iliyoshinda mechi 5 tu, ambayo kila mpinzani alijua mpira unakwenda kwa nani. Mayfield alianza mechi 13 na akarusha pasi 14 zilizonaswa na wapinzani. Tachidauni zake 27 zilikuwa rekodi ya chipukizi wakati huo, hilo simnyimi. Ila kama kosa la Barkley ni kuchezea timu mbovu, basi hakuna mkimbiaji atakayeshinda tena mbele ya kwotabeki, maana ushindi wote wa timu huwa unaandikwa kwa jina la kwotabeki.

AP walipatia. Na walipatia kwenye mazingira magumu, kura zilikaribiana mno.

Pwani_Blitz (Mombasa)

Nyote mmewapita mashabiki kama vile hawamo. Hebu turudi 2012, msimu uliokuwa na makwotabeki watatu chipukizi wa kutisha. Robert Griffin III wa Washington: yadi 3,200 za pasi, 815 za miguu, pasi zilizonaswa 5 tu. Andrew Luck wa Indianapolis: yadi 4,374, rekodi ya chipukizi wakati ule, na timu iliyokuwa na ushindi 2 ikapata 11. Russell Wilson wa Seattle: tachidauni 26, sawa na rekodi ya Peyton Manning ilivyokuwa, na kwenye drafti, timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa raundi ya tatu, wa 75, kwa sababu walimwona mfupi.

AP walimpa Griffin. Mashabiki walimpa Wilson. Msimu uliofuata Wilson akabeba Super Bowl. Sasa niambieni nani aliona mbali?

Dada_Endizoni (Minneapolis)

Pwani, hapo naomba tusichanganye. Tuzo haiulizi nani atakuja kuwa bora, inauliza nani alikuwa bora mwaka ule. Griffin wa 2012 alikuwa moto, goti lake lililoharibika baadaye halifuti yale. Na kama tunawapima mashabiki, tuwapime na 2014 pia. Odell Beckham Jr. alikosa mechi nne za mwanzo, akacheza 12, akapata yadi 1,305 na tachidauni 12. Mashabiki wakampa Teddy Bridgewater, kwotabeki wa Minnesota Vikings. Naishi katika mji wa Vikings, Teddy tulimpenda sana hapa, lakini siwezi kusema alimzidi Beckham. Kura za mtandaoni zinapima ari ya mashabiki wa timu, na hicho ni kitu kizuri, ila ni kitu kingine.

Mzee_wa_Yadi (Mwanza)

Marahaba binti yangu. Hilo la 2014 nakuunga mkono. La 2018 bado siliachii.

Gadi_wa_Kushoto (Dodoma)

Wakuu, mnabishana kuhusu watu wanaoshika mpira. Mimi nina uchungu na wasioushika.

Mwaka huohuo wa 2018, Indianapolis Colts walikuwa na gadi anaitwa Quenton Nelson, chipukizi, mstari wa mbele kabisa, kazi yake kuzuia watu wasimfikie kwotabeki. Mwaka 2017 makwotabeki wa Colts waliangushwa na mpira mkononi mara 56. Mwaka 2018, mara 18, pungufu kuliko timu zote za ligi. Si yeye peke yake, najua, lakini tazama mechi zake uone anavyomsukuma jitu la kilo 140 hadi likakaa chini, kisha anamgeukia wa pili kabla mkimbiaji hajafika. Jopo la AP lilimweka kwenye kikosi bora cha ligi nzima, All-Pro ya kwanza, pamoja na mlinzi chipukizi wa Colts hao hao, Darius Leonard, aliyeongoza ligi kwa kukaba mara 163. Chipukizi wawili wa timu moja kuingia humo kwa pamoja hakukuwa kumetokea tangu Gale Sayers na Dick Butkus wa Chicago mwaka 1965.

Leonard alipata tuzo ya AP ya ulinzi. Nelson hakukaribia ile ya ushambuliaji. Tangu tuzo hizo zigawanywe 1967 hakuna mtu wa mstari wa mbele wa ushambuliaji aliyewahi kuipata, hata mmoja. Waandishi wanakubali kwamba Nelson ni miongoni mwa magadi bora duniani, halafu ikifika tuzo ya chipukizi wanahesabu yadi.

Ndiyo maana mimi nipo na PFWA, lakini si kwa sababu ya Mayfield. Wao wanataja kikosi kizima cha chipukizi, kila nafasi, na humo gadi anapata jina lake.

Kijana_wa_Ngong (Nairobi)

Gadi umenena. Na kwenye kikosi hicho kuna nafasi mpaka ya mchezaji wa vikosi maalumu, wale wa kukimbilia mpira unapopigwa. Nakumbuka Mkenya wetu Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akaingia Colts 2013. Kazi kama yake haina mlango kwenye tuzo ya AP. Hakuchaguliwa na PFWA, lakini angalau nafasi ipo.

Gadi_wa_Kushoto (Dodoma)

Kabisa. Ila niwatendee haki AP: tangu msimu wa 2022 mpigakura hataji jina moja tu, anapanga matatu, wa kwanza pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Nelson angekusanya kitu kwa utaratibu huo. Kushinda sidhani.

Pwani_Blitz (Mombasa)

Swali la mwisho kutoka kwangu. AP wakikosea, wanaweza kurudi nyuma?

Dada_Endizoni (Minneapolis)

Walishajaribu. Brian Cushing wa Houston alipata ya ulinzi ya msimu wa 2009, kisha Mei 2010 ikatangazwa amefungiwa mechi nne kwa dawa zilizokatazwa. AP wakaitisha kura upya. Cushing akashinda tena, ingawa kura zilipungua sana. Mimi nisingempa mara ya pili, lakini naheshimu kwamba waliuliza upya hadharani.

Kijana_wa_Ngong (Nairobi)

Na mechi za mtoano zinahesabiwa? Jayden Daniels, kwotabeki chipukizi wa Washington, alinikesheza Januari 2025 akiifunga Detroit 45-31 kwao.

Mzee_wa_Yadi (Mwanza)

AP hazihesabiwi, kura zao hukusanywa kabla ya mtoano kuanza. Daniels alipewa tuzo yao ya ushambuliaji kwa kazi ya msimu wa kawaida: yadi 891 za miguu, rekodi ya kwotabeki chipukizi, na ushindi 12 kwa Washington iliyokuwa na 4. Detroit ilikuwa nyongeza.