Mafuriko ya Nyando: nianze na lipi kabla ya masika?

MkulimaWaMpunga (Ahero):
Ndugu zangu, msimu uliopita maji yaliingia kwangu mchana kweupe, jua likiwaka, na hapa hata tone halikuwa limenyesha. Nilimbeba mgongoni mama yangu, ambaye hatembei bila mkongojo, hadi shule ya msingi iliyo mwinukoni. Niliporudi nilikuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimeloa chapachapa. Wengine wananishauri ninunue tochi, wengine nipange mifuko ya mchanga mlangoni. Uwezo wangu ni mdogo. Nianze na lipi?

MamaWawili (Muhoroni):
Pole sana, ndugu. Hilo la jua ndilo la kuanzia, kwa sababu maji yanayowafikia huko tambarare ya Kano mara nyingi hunyesha huku juu, kwenye vilima vya Nandi na Kericho, kisha mto Nyando huyateremsha. Kutazama mawingu ya Ahero, basi, hakukusaidii. Tafuta watu wawili wanaoishi kandokando ya mto huku juu (wawili, maana simu ya mmoja itakuwa imezimika siku hiyo hiyo), wakupigie mara mto unapogeuka rangi ya matope na kuanza kubeba magogo. Ukipigiwa, mhamishe mama kwanza, godoro litafuata.

JiraniWaNzoia (Budalangi):
Nakubaliana naye, ila simu bila mipango ni kelele tu. Mei 2020 matuta ya kuzuia maji ya mto Nzoia yalipovunjika, wengi wetu tulikuwa bado tunayategemea. Sasa Nyumba Kumi yetu, yaani kikundi chetu cha majirani, ina daftari lililoandikwa kila nyumba yenye mzee, mjamzito au mtu mwenye ulemavu, na mbele yake jina la kijana atakayembeba na la mwenye bodaboda atakayewangoja barabarani. Vyeti tunavifunga kwa nailoni mbili na kuvitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto atavichomoa akitoka mbio. Mifuko ya mchanga iache: mto ukishavunja kingo zake, mifuko kumi ya mlangoni haitauzuia.

MhudumuWaAfya (Nakuru):
Tochi msiidharau. Bwawa la Patel kule Solai lilipasuka usiku, tarehe 9 Mei 2018, na zaidi ya watu 40 walifariki. Maji ya usiku hayangoji mtu apapase akitafuta viatu. Pia, mafuriko huchanganya vyoo vya shimo na visima, kwa hiyo chemsha maji ya kunywa hadi yatokote vizuri, au utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hata kama kisima kinaonekana safi. Mtu akianza kuhara, mpe lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe juu, visirundikwe, huku mkielekea zahanati. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

MkulimaWaMpunga:
Asanteni. Mtu mmoja wa Muhoroni nimempata, wa pili bado namtafuta. Kuhusu mbebaji, mama amemkataa kijana niliyempendekeza, akisema ni mwembamba kuliko mkongojo wake, na amejichagulia mwingine.