Dada aliyefunga kazi kumuuguza mama: alipwe, au tumwachie radhi?

Wakuu habari za usiku. Naleta hili tulijadili kwa uwazi maana kwetu limeshavunja kikao cha familia mara mbili na najua si kwetu tu.

Mama yuko Muheza, alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia wote umelala na maneno yanatoka machache. Tuko watoto wanne. Watatu tuko mbali na kazi zetu, mdogo wetu wa mwisho, huyo dada ninayemsema, ndo alikua karibu, alikua fundi cherehani pale mjini ana wateja wake, akafunga akarudi nyumbani. Sisi tunatuma hela. Mimi nilikua natuma laki kila mwisho wa mwezi basi naona nimemaliza.

Mwezi wa nne dada akaumwa mgongo mpaka kuinama hawezi, ikabidi niende mimi siku tisa. Jamani. Mgonjwa wa kitandani hatakiwi kulalia upande mmoja zaidi ya masaa mawili hivi, ngozi ya nyonga na kisigino inaanza kuiva halafu inafunguka kidonda, kwa hiyo usiku unatega alamu, saa nne unamgeuza, saa sita, saa nane, saa kumi, na kumgeuza si kusukuma, unavuta shuka taratibu unamwekea mto katikati ya magoti, ukikuta amelowa unatoa kila kitu mpaka mpira wa kitanda. Uji unampa kijiko kimoja kimoja akiwa ameketi, akipaliwa unaingia kifuani. Usiku wa tatu nilikaa chini pembeni ya kitanda nikalia. Dada kafanya hivyo zaidi ya mwaka. Cherehani yake iko chumba hicho hicho, imefunikwa kanga, na juu ya kanga ndo zimepangwa dawa za mama.

Niliporudi nikaitisha kikao nikasema dada alipwe. Si hela ya dawa wala ya pampasi, hela yake, iingie kwenye simu yake kila mwezi, na sisi watatu tupeane zamu ya wiki moja moja kumpumzisha. Kaka mkubwa akakataa kabisa, tangu lini mtoto akalipwa kumuogesha mama yake, huko ni kuuza radhi. Shangazi akamuunga mkono.

Mimi sikubali. Mwaka jana tulileta binti wa kazi kwa 80,000 kwa mwezi, akakaa wiki tatu akasema hii imenishinda akaondoka, na hakuna aliyesema tunanunua kitu kibaya. Kazi ile ile akiifanya mtoto wa watu ina bei, akiifanya mdogo wetu inageuka radhi? Na kama radhi ni kubwa hivyo mbona tumemwachia mmoja wala hatugombanii zamu?

Wengine mtasema serikali ibebe. Hapo pia nina neno. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza 20,000 kwa mwezi ikaja kupandishwa hadi 50,000. Huku bara pensheni ni ya aliyechangia mfuko, mama yangu aliyelima na kuuza maandazi maisha yake yote hana mfuko. Naitaka hiyo pensheni ije huku hata kesho, ila itakua haki ya mama, dada bado hana kitu. Na sheria ya ajira ya 2004 iliweka siku 4 za malipo ukifiwa na mzazi, au mtoto wako akiugua, mzazi anayeugua haikumtaja. Zile siku tisa nilizikata kwenye likizo yangu ya mwaka. Yaani kumzika mama ruhusa ya malipo ipo, kumgeuza kitandani haipo.

NYONGEZA: nimesoma majibu. Aliyesema ukianza kulipa mzee atageuzwa mradi, nakuelewa, nimeona nyumba mgonjwa analala njaa na hela ya ndugu imeshaliwa, ila hilo linatibiwa kwa kwenda kuona kwa macho, na zamu ndo itatupeleka. Anayekaa mbali akituma tu hata kwa huyo asiyelipwa hajui kinachoendelea.

Kuna mwingine kauliza je dada mwenyewe anasemaje. Kweli vikao vyote viwili hatukumuuliza, nimempigia leo. Kwenye hela alinyamaza kwanza, halafu akasema anataka usiku mbili kwa wiki alale mpaka asubuhi, na Jumamosi afunue cherehani.

Nimeshaomba wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Kaka mkubwa bado hajajibu. Wenye kuuguza humu, naomba mseme nyinyi sasa, kwenu mlipatanaje?