Kifundo cha msuli nyuma ya bega: unajikandaje mahali mkono haufiki?

FundiSare
Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Tandika. Tangu shule zikaribie kufunguliwa ni sare tu, marinda na mashati, nakaa saa mbili asubuhi na kuinuka ni adhana ya magharibi. Sasa kuna kitu kimejikusanya nyuma ya bega la kulia, kwenye kona ya juu ya lile bapa. Ukikigusa kinateleza kama punje ya hindi chini ya ngozi, na maumivu yanapanda shingoni. Nikitaka kuangalia kama daladala inakuja inabidi nigeuke mwili mzima.

Dawa ya kuchua nimepaka mpaka wateja wananiuliza nani mgonjwa. Wiki iliyopita nikaenda kwa kijana mmoja wa masaji mtaani, akanikandamiza kwa kiwiko, kesho yake hata kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa kazi. Sirudi. Nataka kujikanda mwenyewe ila mkono haufiki. Mnafanyaje?

BajajiMbagala
Pole dada. Sisi wa bajaji ndiyo maradhi yetu hayo. Tafuta mpira wa tenisi, hata wa mtumba. Uingize ndani ya soksi ndefu, ya mwanafunzi inafaa sana, halafu soksi uitupie begani, ncha uishike kwa mbele. Egemea ukuta mpira ukiwa mgongoni, miguu hatua moja mbele, magoti yalegee kidogo. Shuka na kupanda taratibu mpaka uguse pale penyewe, utajua tu. Hapo usisugue. Tulia, pumua, hesabu mpaka 30 au 40, utahisi panalegea. Sehemu tatu nne zinatosha, usiku kabla ya kulala.

Ukuta wenye plasta ya kukwaruza utakuchuna, tundika khanga kwanza.

Mpemba_wa_Ilala
Mpira wa nini, lala kifudifudi mtoto akukanyage mgongo. Au chukua mchi ujigonge nao. Sisi tumekua hivyo.

NesiMstaafu
Mwanangu wa Ilala, mchi uache kwenye kinu. Huyo mtoto akiteleza akatua kwenye uti wa mgongo utamlaumu nani?

FundiSare, pole mwanangu. Hapo unapopataja pana msuli unaoanzia kona ya bapa la bega ukapanda kushika mifupa ya juu ya shingo, ndiyo maana kugeuka kunagoma. Fanya kama kijana wa bajaji alivyosema, ila mpira ukae kwenye nyama tu, usipite juu ya mfupa wa mgongo, na mbele ya shingo usiminye kabisa, kuna mishipa mikubwa ya damu. Maumivu yawe ya kuvumilika. Ukijikuta umeuma meno na kubana pumzi, umezidisha, na msuli unazidi kukaza. Kabla ya hapo weka taulo la maji ya moto dakika kumi hivi. Ukimaliza, inamisha kichwa kama unanusa kwapa la kushoto, kaa hivyo kidogo.

Ukiona ganzi vidoleni, mkono unakosa nguvu, au shingo imekaza pamoja na homa, achana na mipira, nenda hospitali. Na wengine mnaosoma: shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa la moto, msilichue, inaweza kuwa damu imeganda ndani.

Sasa niambie, unakalia nini ukishona?

FundiSare
Shikamoo bibi. Nakalia kigoda cha jikoni, kiti changu kilivunjika mwezi wa kumi na moja.

NesiMstaafu
Marahaba. Basi ugonjwa umeutaja mwenyewe. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 4 au 5, na wewe umekaa chini, mabega yamepanda masikioni, kichwa umekiinamisha kwenye sindano siku nzima. Panda juu, viwiko vilingane na meza.

FundiSare
Narudi baada ya siku tisa. Kaka wa bajaji, Mungu akulipe. Siku ya kwanza nilipopata pale penyewe machozi yalinitoka, mume wangu akadhani nimepata msiba kwenye simu. Siku ya nne nikaweza kugeuka kuangalia gari. Kiti nimeazima kwa muuza chipsi, kile cha plastiki, nimekiwekea mto wa makapi ya vitambaa. Niseme ukweli, juzi nilikuwa na oda ya mashati kumi na mawili nikasahau kuinuka, na kifundo kikarudi, ila safari hii kidogo, kama punje ya mchele.

Mwenye kujua mpira wa tenisi unapouzwa karibu na Tandika aniambie. Wangu binti kaondoka nao na soksi yake, nimewakuta wanachezea rede.