Residensi ya ortho: ofa ninayo, leseni ya jimbo la pili inanikwamisha (CWT)

Neema
Habari za huku wapendwa, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka. Mimi ni fizio hapa Marekani, nimepata nafasi ya residensi ya ortho (mwaka wa mafunzo ya juu ya mifupa na viungo) kwenye hospitali ya chuo jimbo la jirani, inaanza Agosti, mkataba nimeshasaini. NPTE, mtihani wa taifa wa fizio, nilishafaulu, leseni ya jimbo ninaloishi iko hai na haina doa, kila siku niko kliniki ya wagonjwa wa nje. Nimeomba leseni ya jimbo la residensi kwa endosimenti, yaani kwa kutumia leseni niliyonayo, bodi yao wanasema ripoti yangu ya vyeti haiwatoshi, nitathminiwe upya kwa CWT 6, toleo la sasa la kile kifaa cha kupima masomo ya sisi tuliosoma nje. Nimemaliza digrii nyumbani 2012! Wa 2012 ni CWT 5, na hiyo 6 imejengwa kwa kipimo cha DPT (digrii ya udaktari wa fizio ya huku), lazima nionekane nina mapengo. Nikipiga simu naambiwa tuma imeili, nikituma imeili najibiwa maombi yanashughulikiwa. Koordineta wa programu anasema bila leseni sigusi mgonjwa hata mmoja na kiti hawawezi kunishikia muda mrefu. Swali langu ni hili: kuna aliyewahi kuifanya bodi ikubali CWT ya mwaka aliomaliza chuo? Uliandika nini, ukamwandikia nani?

Baraka
Pole sana dada. Mbona njia fupi ipo, chukua Compact, ule mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni za fizio. Kama jimbo lako na hilo la residensi yote yako ndani, unalipia privileji (ruhusa ya kutibu jimbo lile) mtandaoni na unaanza kazi, mambo ya CWT hayaulizwi tena. Mimi navuka mpaka wa jimbo kila Jumatano kwa Compact na sijawahi kusumbuliwa.

Wanjiru
Baraka tafadhali usimpoteze mtu. Compact inasimama juu ya jimbo unaloishi, sio jimbo unalopenda. Leseni yake iwe ya jimbo la makazi yake na hilo jimbo liwe mwanachama, na si majimbo yote yamo. Wewe unavuka Jumatano jioni unarudi kulala kwako, yeye residensi ni mwaka mzima, akihamia kule akabadilisha leseni ya udereva makazi yake yamehama na ile privileji haina tena pa kusimama. Neema utasafiri kila siku au utahama? Anza kujibu hilo kabla hujalipa chochote.

Baraka
Sijampoteza mtu, nimesema KAMA. Soma vizuri.

Kaka Deo
Mimi nilidhani residensi zote zinapangwa kwenye Match mwezi wa tatu, sasa wewe Neema umepataje ofa peke yako? Angalia usije ukawa umetapeliwa.

Wanjiru
Deo hiyo Match ni ya madaktari. Fizio anaomba kupitia RF-PTCAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni, au kwenye programu yenyewe, anafanyiwa usaili, programu inachagua. Na residensi ya fizio sio lazima kama ya daktari, mtu anaweza kutibu maisha yake yote na leseni yake bila kuigusa. Tusimtie mtu presha bure.

Juma
Hapo ndipo nilipotaka kuingia. Dada Neema, unahangaika ya nini? Mimi OCS, cheti cha ubingwa wa ortho, ninayo na residensi sikufanya. ABPTS, bodi inayotoa ubingwa wa fizio, wana njia mbili, ama umalize residensi yenye ithibati ya ABPTRFE (wanaokagua programu za residensi), ama uwe na saa 2,000 za kutibu wagonjwa wa ortho ndani ya miaka 10. Nilikuwa kliniki yangu ileile, nalipwa mshahara kamili, usiku nasoma, nikakaa mtihani nikapita. Wenzangu wa residensi walikuwa wanalipwa pungufu na bado wanaandika kesi mpaka saa sita usiku. Sasa tunavaa herufi zilezile tatu. Kaa hapo ulipo, jaza saa zako, hiyo bodi achana nayo.

Achieng
Juma umeacha nusu. Katika hizo 2,000 lazima robo, yaani 500, ziwe ndani ya miaka 3 ya mwisho, na ni saa za mgonjwa mkononi, sio mikutano wala makaratasi. Kuna watu humu walirudishiwa maombi kwa hilo.

Halafu herufi ni zilezile lakini safari si ileile, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu mimi nimeipita hiyo residensi. Programu lazima ikupe angalau saa 1,500 za kliniki, 300 za masomo, na saa 150 za kufundishwa na menta, hizo 150 ndizo zilizonibadilisha. Menta anakaa pembeni kwenye kistuli, kimya, wewe ndiye mwenye mgonjwa. Siku moja alikuja baba mmoja fundi wa mabati, bega la kulia linamuuma, mkono haufiki juu. Nikaenda moja kwa moja kwenye bega, nikafanya vipimo vyote vya rotator cuff (misuli inayoshika bega) navyovijua, vingine vinauma vingine haviumi, picha haieleweki. Menta akasubiri nimalize, akamwomba yule baba ageuze shingo kulia na kuangalia juu, maumivu yaleyale yakashuka mpaka kwenye kiwiko. Mgonjwa alipotoka hakuniambia nilichokosa, aliniuliza tu: ulikuwa unafikiri nini ulipomwona anavua shati kwa mkono mmoja, na ni kitu gani kingekufanya ubadilishe mawazo? Tulikaa kwenye hilo swali mpaka chakula cha mchana kikapita. Kliniki ya kawaida mgonjwa anaingia mwingine anatoka, nani ana muda wa kukuuliza hivyo? Kwa hiyo Neema usiiache kirahisi.

Juma
Sikusema ni mbaya. Nimesema sio lazima. Mimi nina watoto na kodi ya nyumba.

Farida
Samahani naingilia, lakini nyie mnaongea mambo ya watu wenye makaratasi. Sisi tulio kwenye OPT, kibali cha kazi cha mwanafunzi wa kigeni akimaliza chuo, tufanyeje? Fizio sio STEM (fani za sayansi na teknolojia zinazoongezewa muda) kwa hiyo nina miezi 12 tu, residensi yenyewe inaimaliza yote, na programu nyingi nikiuliza habari ya sponsa wananyamaza. Visa ya J-1 nayo ya trainee hairuhusu kugusa wagonjwa. Ikabaki H-1B, visa ya kazi anayokuombea mwajiri, ndio hiyo tena tangu Septemba 2025 imewekewa dola 100,000. Kliniki gani ndogo italipa hiyo kwa ajili ya fizio?

Kaka Deo
Ndio nchi yenyewe hiyo. Wagonjwa wanasubiri wiki kupata fizio na bado wanaweka ukuta. Wakati wa kampeni kuna watu humu waliimba kwamba viongozi hawa ndio wachapakazi, haya sasa.

Wanjiru
Deo usianze. Farida, hiyo 100,000 ni ya petisheni mpya za watu walio nje ya Marekani, ukiwa ndani unabadilisha kutoka F-1 (visa ya mwanafunzi), mwongozo wa USCIS, idara ya uhamiaji, wa Oktoba mwaka uleule ulisema haikuhusu. Hakikisha na wakili, sio na Deo. Na tafuta hospitali za vyuo zisizo za faida, hizo hazisubiri bahati nasibu ya Machi. Halafu fizio tuko Schedule A, orodha ya kazi zenye upungufu wa watu, mwajiri akitaka kukuombea gridi kadi haanzi na ile hatua ndefu ya kutangaza kazi. Foleni ya EB, yaani ya gridi kadi za ajira, ndiyo inayoua, lakini ukiingia mapema umeingia.

Mzee Kassim
Wanangu hamjambo. Nawasoma tu. Mimi nimestaafu, nilianza kazi nyumbani kabla wengi wenu hamjazaliwa. Wodi ya mifupa ilikuwa na vijana wa ajali wamelala na uzito umening'inia mguuni kwa wiki nyingi, fizio mmoja tu, mimi, nikimaliza kitanda cha mwisho yule wa kwanza goti limeshakakamaa. Hakukuwa na mtu wa kukaa kwenye kistuli akaniuliza nafikiri nini. Siku hizi vyuo vimeongezeka, vijana wana digrii, lakini nikiongea nao kwa simu wanachokililia ni hichohicho, mtu wa kuwasimamia baada ya cheti. Binti Achieng maneno yako yamenigusa. Mkishazipata hizo OCS msizifungie huku. Hata kuwasikiliza wanapoeleza kesi kwa video saa moja kwa wiki, inawezekana, mimi nafanya na kundi dogo, nahitaji wenzangu kwa sababu mgongo na goti nawaweza lakini habari mpya za bega zimenipita.

Achieng
Mzee shikamoo. Bega nipe mimi. Nakuandikia pembeni leo.

Baraka
Na mimi nipo Jumapili jioni, kwa saa za nyumbani itakuwa usiku lakini kama wako tayari sawa.

Neema
Asanteni nyote, Mzee Kassim nimesoma ujumbe wako kwenye maegesho ya kliniki nikakaa kidogo ndani ya gari. Wanjiru, nitahama, kwa hiyo Compact imekufa. Kaka Juma nimekuelewa, saa zangu 2,000 zimeshajaa kitambo, OCS nikitaka naomba mwaka huu, lakini mimi nataka hicho kistuli alichokisema Achieng, nimefanya kazi peke yangu miaka mingi na hakuna anayeniuliza. Bado sijapata jibu la CWT jamani. Leo wamenijibu tena, mstari mmoja, wanataka ripoti mpya "kwa kifaa cha sasa".

Wanjiru
Kifaa cha sasa ni cha anayeomba leseni kwa mara ya kwanza. Za zamani FSBPT (shirikisho la bodi za fizio, wenye CWT) wamezibakiza kwa ajili ya watu kama wewe wa endosimenti, unapimwa kwa ya wakati ulipomaliza. Ila bodi ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho, kuna zinazofuata na kuna zisizofuata. Usibishane na dada wa simu, hana uwezo. Vikao vya bodi ni vya wazi, ajenda inawekwa kwenye tovuti yao, omba kwa maandishi ombi lako liingizwe kwenye kikao kijacho na uambatanishe barua ya mkurugenzi wa programu yenye tarehe ya kuanza. Mimi bodi yangu ilikuwa nyingine kwa hiyo mfano wa barua sina.

Neema
Kikao kijacho nimeangalia ni Julai mwishoni. Nimeshaandika kuomba. Mwenye barua aliyowahi kuipeleka bodi yoyote kuhusu CWT 5 naomba sana anitumie.

Farida
Na mimi nisisahaulike. Type 1, kile cheti cha ukaguzi wa masomo kwa ajili ya uhamiaji, ina miaka 5, sasa yangu ikiisha wakati niko katikati ya foleni ya EB-3 naanza upya na transkripti za chuo au wanaongeza muda tu? Chuo changu kutoa transkripti ni vita.

Kaka Deo
Farida hilo swali fungulia mada yake, hii ni ya Neema.